Kufutwa kazi kwa Brian Ferentz

Kufutwa kazi kwa Brian Ferentz kulitangazwa tarehe 30 Oktoba 2023, pale Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kiliposema kwamba kocha wake wa mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani hataendelea na kazi baada ya msimu kumalizika. Wakati huo timu ya chuo, Iowa Hawkeyes, ilikuwa imeshinda mechi 6 kati ya 8. Mashabiki hawakulalamikia kushindwa kwa timu. Walilalamikia namna ilivyocheza, na pia nafasi ya Brian, kwa kuwa kocha mkuu, Kirk Ferentz, ni baba yake mzazi.

Kazi ya kocha wa mashambulizi

Katika futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10 (takriban mita 9). Ikifaulu, hupewa majaribio mengine 4. Kufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na huleta alama 6. Teke linalopita kati ya milingoti huleta alama 3. Timu inayokwama kwa kawaida hutumia jaribio la nne kuupiga mpira mbali kwa mguu, ili wapinzani waanzie mbali.

Wachezaji wa mashambulizi na wa ulinzi ni vikosi viwili tofauti, na kila kikosi kina kocha wake chini ya kocha mkuu. Kocha wa mashambulizi huandaa mbinu na mara nyingi ndiye anayechagua mchezo utakaochezwa katika kila jaribio. Kwa sababu hiyo, alama zinapokosekana, lawama za kwanza humwangukia yeye.

Historia

Kirk Ferentz alianza kuifundisha Iowa mwaka 1999. Brian, aliyezaliwa mwaka 1983, aliwahi kuichezea timu hiyo chini ya baba yake. Baada ya kufanya kazi katika klabu ya kulipwa ya New England Patriots, alirudi Iowa mwaka 2012 kama kocha, na mwaka 2017 akapewa usimamizi wa mashambulizi.

Kanuni za chuo hazikuruhusu baba kuwa msimamizi rasmi wa mwanawe. Kwa hiyo Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo, Gary Barta, ingawa kazi ya kila siku uwanjani ilikuwa chini ya kocha mkuu. Wakosoaji waliuliza kama kocha mwingine mwenye matokeo kama yake angebakizwa.

Msimu wa 2022 ulizidisha malalamiko. Katika mechi ya kwanza Iowa iliifunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni hata moja: alama 3 zilitokana na teke, na 4 zilipatikana baada ya walinzi wa Iowa kuwaangusha wapinzani mara mbili ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho. Hadi mwisho wa msimu Iowa ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu kwa wastani wa yadi katika kila mechi. Hata hivyo ilishinda mechi 8 kati ya 13, hasa kutokana na ulinzi wake.

Mkataba wa alama 25

Mnamo Februari 2023 chuo kilibadilisha mkataba wa Brian. Mshahara wake ulipunguzwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000 kwa mwaka. Ili mkataba uendelee, timu ilitakiwa kushinda angalau mechi 7 na kupata wastani wa alama 25 kwa mechi. Alama zilizofungwa na walinzi nazo zilihesabiwa.

Sharti hilo liliwapa mashabiki kipimo cha kufuatilia kila wiki. Katika mechi 13, wastani huo ulimaanisha alama 325, na baada ya kila mchezo hesabu ilifanywa upya. Ushindi wenye alama chache ulionekana kama deni lililoongezeka.

Msimu wa 2023

Iowa ilipata majeruhi mapema, akiwemo mrushaji mkuu wa mipira, Cade McNamara, aliyeumia mwishoni mwa Septemba. Tarehe 21 Oktoba ilishindwa nyumbani na Minnesota 12–10. Siku tisa baadaye Beth Goetz, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Barta baada ya kustaafu kwake, alitangaza uamuzi wa kumwondoa Brian. Kirk alieleza kwamba kawaida yake ni kuwatathmini makocha msimu unapokwisha.

Brian aliendelea kufundisha hadi mechi ya mwisho. Iowa ilishinda mechi nne zilizofuata, zikiwemo 10–7 dhidi ya Northwestern, 15–13 dhidi ya Illinois na 13–10 dhidi ya Nebraska, ikatwaa ubingwa wa kanda ya magharibi ya ligi ya Big Ten. Kisha ilifungwa 26–0 na Michigan katika fainali ya ligi, na 35–0 na Tennessee tarehe 1 Januari 2024. Kabla ya tangazo wastani wake ulikuwa alama 19.5, katika mechi sita zilizofuata ulikuwa 10. Msimu mzima ulifungwa kwa wastani wa 15.4.

Katika msimu huohuo, mpigaji wa mateke ya mbali Tory Taylor, raia wa Australia, alivunja rekodi ya vyuo ya jumla ya yadi za mateke hayo kwa msimu mmoja, iliyodumu tangu 1938. Alipendwa sana na mashabiki, na fulana zenye maneno ya kuyasifu mateke yake ziliuzwa. Hata hivyo, rekodi hiyo ilitokana pia na udhaifu wa mashambulizi, kwani mateke hayo hupigwa timu inapokwama.

Baada ya kuondoka

Nafasi ya Brian ilichukuliwa na Tim Lester, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Western Michigan. Mwaka 2024 wastani wa Iowa ulipanda hadi alama 27.7, na mkimbiaji Kaleb Johnson akafikisha yadi 1,537. Timu ilishinda mechi 8, pungufu ya zile 10 za mwaka uliotangulia. Alama zilizodaiwa katika mkataba wa Brian zilipatikana, lakini ushindi haukuongezeka.