Asilimia Kati ya Nani? Tiba ya Seli-T kwa Limfoma, Ikitazamwa Kutoka Arua na Koboko

Huenda msomaji akashangaa kuikuta tiba ya saratani katika jarida la walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Habari za tiba mpya huwafikia watu wa West Nile kwa redio, kwa simu za mkononi na kwa ndugu walioko ng'ambo, na aghalabu hufika zikiwa zimeshapita mikononi mwa mfasiri. Mfasiri huyo mara nyingi ni mmoja wetu: mwalimu wa lugha aliyeombwa na jirani amsomee karatasi za hospitali, au mwanafunzi aliyepewa kijarida cha afya akigeuze Kiswahili. Akikutana na sentensi isemayo kwamba tiba fulani imefaulu kwa asilimia 82 ya wagonjwa, ana mambo mawili ya kuulizia kabla hajaandika neno: kufaulu maana yake nini, na hao ni asilimia 82 kati ya nani.

Makala haya yanahusu tiba ambayo sentensi za namna hiyo zimeandikwa kwa wingi. Ni tiba ya seli-T zilizobadilishwa maabara, ijulikanayo kwa kifupi kama CAR-T, kwa watu wazima wenye limfoma. Limfoma ni saratani ya seli nyeupe za damu, zile zilizopewa kazi ya kuulinda mwili. Wengi huiona kwanza kama mtoki: uvimbe wa shingoni, kwapani au kwenye kinena, usiouma na usiotaka kuondoka. (Neno saratani tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao humtaja pia kaa wa baharini, kansa nayo imetoka katika neno la Kilatini la mnyama huyohuyo.)

Jina la Arua si geni katika vitabu vya ugonjwa huu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alifunga safari ya maelfu ya kilomita kwa gari kuelekea kusini mwa Afrika ili aone ugonjwa huo unaishia wapi, na mmoja wa wenzake wawili safarini alikuwa Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva, kilomita chache kutoka mjini Arua. Williams hakuwa na maabara kubwa. Alichokuwa nacho ni daftari. Kila mtoto mwenye uvimbe aliandikwa alikotoka na lini alianza kuugua, mwaka baada ya mwaka. Kutokana na kumbukumbu hizo, yeye na wenzake Pike na Wright walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa West Nile walijitokeza kwa makundi, katika maeneo jirani na nyakati zinazokaribiana.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1972 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile walipokuwa bado wazima, likasubiri. Ripoti ya mwaka 1978 ilitaja watoto 14 kati yao walioupata ugonjwa, na damu yao ya awali ilisaidia kuonyesha uhusiano wake na kirusi cha Epstein-Barr. Tazama hesabu hiyo: 14 kati ya 42,000. Walimu wa hisabati huiita namba ya juu ya sehemu kiasi, na ya chini huiita asili. Hospitali yoyote inaweza kutoa kiasi, kwa kuwahesabu waliofika mlangoni. Asili ni ngumu kuipata, na West Nile ilikuwa na asili ambayo wataalamu wa dunia nzima waliitegemea. Kuluva ilishiriki tena katika utafiti wa EMBLEM, uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kati ya mwaka 2010 na 2016.

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto. Tiba ya CAR-T tunayoizungumzia imetumika hasa kwa watu wazima wenye limfoma ya seli B kubwa, ambayo ni ugonjwa mwingine, ingawa yote miwili huanzia katika seli za aina moja, seli B. Mgonjwa haanzi na CAR-T. Huanza na mchanganyiko wa dawa za kawaida za saratani pamoja na rituksimabu, na zaidi ya nusu ya wanaoupata mchanganyiko huo kwa ukamilifu hupona. CAR-T ni ya wale ambao ugonjwa umewakatalia au umewarudia.

Utaratibu wake ni huu. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine inayochuja seli-T, askari wa kinga, na kumrudishia iliyobaki. Seli hizo hupelekwa kiwandani, ambako kirusi kilichoondolewa makali hutumika kuziingizia jeni mpya. Jeni hiyo huzifanya ziote kipokezi cha kuitambua alama iitwayo CD19, iliyopo juu ya seli B. Baada ya kuzalishwa kwa wingi hurudishwa hospitalini. Mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kinga yake ya zamani, kisha seli zake mwenyewe humrudia kwa dripu mara moja tu. Kati ya kukamuliwa na kurudishiwa hupita wiki kadhaa. Limfoma haisubiri wiki hizo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Marekani iliidhinisha Yescarta, mojawapo ya tiba hizi, mnamo Oktoba 2017 kutokana na jaribio la wagonjwa 101 waliotiwa seli. Takriban asilimia 82 uvimbe wao ulipungua kwa kiasi kikubwa au ukatoweka, na zaidi ya nusu haukuonekana tena. Lakini watu wa majaribio huchaguliwa. Mwenye figo dhaifu huachwa, mwenye moyo dhaifu huachwa, na katika jaribio hilo mwenye virusi vya Ukimwi naye aliachwa. Kwa nchi kama Uganda, ambako limfoma nyingi za watu wazima huwapata wanaoishi na virusi hivyo, sharti hilo moja tu huondoa sehemu kubwa ya wagonjwa.

Ndiyo maana matokeo ya nje ya majaribio yalingojewa kwa hamu. Mwaka 2020 hospitali 17 za Marekani zilitoa hesabu yao. Wagonjwa 298 walikamuliwa seli, 275 wakarudishiwa. Asilimia 43 wasingekubaliwa katika jaribio la kwanza kwa sababu ya maradhi mengine. Hata hivyo uvimbe ulipungua au kutoweka kwa asilimia 82 ya waliotiwa seli, na asilimia 64 haukuonekana tena kabisa. Ni habari njema kweli, na sina nia ya kuipunguza: watu waliokuwa wamebakiwa na miezi michache, wengi wao wagonjwa zaidi ya wale wa jaribio, walipata matokeo yaleyale.

Ila angalia asili. Kati ya waliokamuliwa, asilimia 92 walifika kwenye dripu. Ripoti ya Uingereza ya mwaka 2022 ilianza kuhesabu mapema zaidi, pale mgonjwa anapokubaliwa kupewa tiba: kati ya 404, waliotiwa seli walikuwa 300, yaani asilimia 74. Pengo hilo halimaanishi kwamba madaktari wa nchi moja ni wazembe. Sehemu yake kubwa inatokana na mahali mstari wa kuanzia ulipochorwa. Na kabla ya mstari wa Uingereza wapo wengine ambao majina yao hayakuwahi kuwasilishwa. Mfasiri anayeandika tu "asilimia 82 ya wagonjwa" amewafuta wote hao kwa neno moja. Aandike: asilimia 82 ya wagonjwa waliorudishiwa seli. Sentensi itarefuka kidogo, lakini itakuwa ya kweli.

Neno la pili la kuchunga ni kupona. Madaktari wanaposema ugonjwa "hauonekani tena" wanasema kile ambacho picha imeonyesha siku ile. Kiswahili kina ngazi zake: mgonjwa hupata ahueni, hupata nafuu, kisha hupona. Katika hesabu ile ya Marekani, nusu ya waliotiwa seli walikuwa wamefariki au ugonjwa wao umesonga mbele ilipotimu miezi 8.3. Kwa wale wa jaribio la kwanza, asilimia 42.6 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na wengi miongoni mwao ndio tunaoweza kusema wamepona. Mfasiri akimwambia mama "mwanao amepona" mwezi wa kwanza, ameruka ngazi mbili, na familia inaweza kuacha kurudi kliniki.

Lipo jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, linaihusu idara kama yetu kuliko yote. Seli hizi zikianza kazi huweza kuleta homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu. Pia huweza kuvuruga ubongo kwa siku kadhaa. Katika hesabu hiyohiyo, asilimia 31 walipata mvurugiko mkubwa wa ubongo. Dalili za mwanzo ni za lugha. Mgonjwa hukosa neno, hurudia swali, mwandiko hukatika. Kwa hiyo kila siku muuguzi hufanya mtihani wa alama kumi, uliokubaliwa na wataalamu mwaka 2019: uko wapi, mwaka gani, kitu hiki kinaitwaje, fanya hivi, hesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa makumi, andika sentensi. Mfano wa sentensi waliouweka unamhusu tai kuwa ndege wa taifa la Marekani (ambaye, kwa njia, alitambuliwa hivyo kisheria Desemba 2024 tu).

Mtu wa Koboko je? Anazungumza Kikakwa nyumbani, Kinubi au Kiswahili sokoni, labda Kilingala akivuka mpaka, na darasani alihesabu kwa Kiingereza. Kubadilisha tai kuwa korongo taji ni rahisi. Kazi ni kujua kwamba mtu anayesitasita kusema themanini baada ya tisini huenda hajavurugikiwa na ubongo, bali hajawahi kuhesabu kwa Kiswahili. Na asiyejua kuandika atapoteza alama kabla hata ya kuugua. Ni lazima apimwe siku ya kwanza, akiwa mzima wa akili, kwa lugha atakayoichagua mwenyewe, na kipimo hicho ndicho kilinganishwe na vya siku zinazofuata.

Tiba hii haitolewi Arua wala Koboko. Yescarta ilipoanza iliuzwa dola 373,000, zaidi ya shilingi bilioni 1.3 za Uganda kwa kiwango cha wakati huo, bila kuhesabu kitanda. Masharti ya kwanza ya Marekani yalimtaka mgonjwa akae karibu na hospitali wiki nne. Mwaka 2025 zikapunguzwa kuwa mbili. Arua hadi Kampala peke yake ni takriban kilomita 500. Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, iliyotengenezwa huko Mumbai, kwa bei iliyoripotiwa kuwa kama moja ya kumi ya ile ya Marekani, na tangu hapo habari za India zimekuwa zikisambazwa katika simu za watu.

Familia ikileta habari kama hiyo ili itafsiriwe, ni vyema mfasiri aandike pamoja nayo maswali ya kumpelekea daktari, kwa lugha ya familia na kwa Kiingereza. Je, kipande cha mtoki kimeshakatwa na kupimwa, na ni limfoma ya aina gani? Je, mgonjwa ameshapata dawa za kwanza pamoja na rituksimabu, kwa mizunguko yote? Hospitali ya India inahesabu mafanikio yake kuanzia siku gani? Wangapi walikubaliwa wasifike kwenye dripu? Na huko wodini, nani atakayemwuliza mgonjwa maswali ya asubuhi, na kwa lugha gani?