Nyama ya Muhogo na Nyama ya Ini

Wajukuu zangu, chukueni muhogo mbichi na kisu. Menyeni ganda la kahawia, kisha lile nene la ndani, mpaka mfike kwenye nyama nyeupe. Kateni kipande chembamba, chembamba hasa, kiasi cha kupitisha mwanga, mkiweke chini ya hadubini. Mtaona seli zimebanana kama mapovu ya sabuni, kuta zake nyembamba, na ndani mmejaa punje za wanga: nyingi za duara, nyingine zimebapa upande mmoja. Dondosheni tone la iodini. Punje zitageuka buluu iliyokoza, karibu na weusi.

Tishu hiyo inaitwa parenkima. Ndiyo nyama ya embe na ya kiazi, ndiyo sehemu tamu ya muwa mnayoitafuna, ndiyo ute wa ndani ya jani la mshubiri. Hata ukijani wa majani ni wake, maana seli za parenkima zenye klorofili ndizo zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Seli za mishipa inayopandisha maji hufa kwanza ndipo zianze kazi. Za parenkima hufanya kazi zikiwa hai, na hata zikikomaa zinaweza kuanza kugawanyika tena. Ndiyo maana mkulima hukata pingili ya shina la muhogo, akaichomeka ardhini, ikatoa mizizi. Na ndiyo maana muhogo uliong'olewa hauvumilii kukaa. Baada ya siku mbili tatu nyama yake huwa na michirizi ya buluu na weusi. Watu husema umeoza, lakini mara nyingi hakuna kimelea kilichoingia bado. Ni seli zenyewe, zingali hai, zinahangaika na jeraha mpaka zinajiharibu.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa inatisha. Muhogo hauwezi kumkimbia panya wala nguruwe. Hivyo ndani ya seli zake mna kifuko cha maji kiitwacho vakuoli, na humo umehifadhi kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikiachwa peke yake imetulia. Kimeng'enya cha kuivunja kimewekwa kando, kwenye ukuta wa seli. Mnyama akitafuna, kifuko na ukuta hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Sianidi ni sumu inayoua.

Bibi zetu hawakuwa na hadubini, lakini muhogo mchungu waliuloweka au kuuvundika siku kadhaa, wakautwanga, wakauanika. Seli zinapasuliwa makusudi, sumu inatoka na kupotelea majini na hewani kabla ugali haujapikwa. Elimu hiyo ninaiheshimu sawa na ya maabara yoyote.

Haya, mmekula, mmeshiba. Wanga umesagwa ukawa glukosi, na damu inayotoka kwenye utumbo inaipeleka moja kwa moja kwenye ini. Hapo glukosi inaingia katika parenkima nyingine. Kwa wanyama, jina hilo ni la tishu inayofanya kazi yenyewe ya kiungo, si nyuzi zinazokishikilia. Erasistratus, tabibu Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alidhani nyama ya ini ni damu iliyovuja kwenye mishipa ikaganda, ndipo akaiita parenkima. Katika karne ya 17, Mwingereza Nehemiah Grew akalitumia jina lilelile kwa mimea.

Seli ya ini haina ukuta kama ya muhogo, wala haigeuzi mwanga kuwa chakula. Lakini nayo ni ghala: glukosi iliyozidi huihifadhi kama glikojeni. Na sianidi kidogo iliyoponyoka jikoni, huigeuza kuwa kitu kisicho na makali hayo, kikatoka kwa mkojo. Kwa kazi hiyo inahitaji salfa, ambayo tunaipata kwenye protini: dagaa, mayai, maharage. Tena ini lina uwezo wa ajabu wa kujijenga. Mtu mzima mwenye afya akimpa mgonjwa zaidi ya nusu ya ini lake, kilichobaki hukua na kukaribia ukubwa wa awali katika miezi michache.

Hata hivyo lina kikomo. Penye njaa, watu hula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, wiki baada ya wiki, bila kitoweo chenye protini. Sumu ikizidi uwezo wa mwili, huja konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na wanawake, na umeshatokea Kongo, Msumbiji na hapa Tanzania. Kwa hiyo msitafune muhogo mbichi msioujua, na wakubwa wakiuloweka, uacheni mpaka siku zake zitimie.