Mimba Kutoka Mwezi wa Tano: Sababu Yaweza Kuwa Mlango wa Kizazi

Wapo akina mama waliopoteza mimba mbili au tatu, zote zikiwa za miezi minne, mitano au sita. Mama alikuwa mzima. Hakuanguka wala hakuugua. Alisikia uzito chini ya tumbo, kisha mtoto akatoka karibu bila uchungu. Majirani wanasema amerogwa. Mume naye anaanza kutafuta mke mwingine.

Ndugu msomaji, mimba ikitoka namna hii, sababu yaweza kuwa mlango wa kizazi uliolegea.

Mlango huu ni nini?

Kizazi ni mfuko anamokaa mtoto. Upande wa chini kina shingo. Shingo hiyo ndiyo mlango wake. Imefanywa kwa nyuzi ngumu zilizoshikamana, kama kamba ya katani. Katikati ya mimba, urefu wake kwa kawaida ni sentimita 3 hadi 4, nao mlango umefungwa.

Mlango hulainika kidogo kidogo, kama embe linavyoiva mtini. Siku zikitimia, hufupika na kufunguka. Taabu inakuja ukiiva kabla ya wakati. Mtoto anazidi kuwa mzito, na mlango hauna nguvu ya kumzuia.

Mlango waweza kulegea kwa sababu ulichanika katika uzazi uliopita, au ulikatwa kipande wakati wa matibabu. Wengine wamezaliwa hivyo. Si uchawi.

Hupimwaje?

Ukitaka kujua kama embe limeiva, unalibonyeza. Zamani waganga wa hospitali walipitisha kijiti chenye unene wa milimita 8 katika mlango wa mama asiye na mimba. Kikipita bila kuzuiwa, walisema mlango umelegea. Lakini kipimo hicho hakikuaminika sana.

Siku hizi mlango hupimwa urefu kwa altrasaundi. Ukiwa chini ya sentimita 2 na nusu kabla ya wiki ya 24, kuna hatari. Huko Zurich, Uswisi, wataalamu wametengeneza kifaa cha kupima ulaini wenyewe. Kifaa hufyonza sehemu ndogo ya mlango. Mlango laini huvutika kwa nguvu kidogo; mgumu hutaka nguvu nyingi. Kipimo hiki bado hakijaenea. Hospitali nyingi hutegemea urefu wa mlango na habari anazotoa mama.

Tiba ipo

Mwaka 1955 Daktari Shirodkar wa Bombay, India, alieleza namna ya kuushona mlango. Mwaka 1957 Daktari McDonald wa Australia alieleza njia iliyo rahisi zaidi. Uzi huzungushwa na kukazwa, kama unavyofunga mdomo wa gunia. Mama aliyekwisha kupoteza mimba hivi hushonwa mara nyingi wiki ya 12 hadi 14. Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37, mtoto apate kupita. Mama mwingine mwenye mlango mfupi hupewa dawa ya projesteroni.

Uzi hauokoi kila mimba. Na mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza mara nyingi zina sababu nyingine.

Basi tufanye nini?

1. Mama, ukijua una mimba, nenda kliniki mapema. Usingoje mwezi wa tano.

2. Mweleze mkunga mimba zote zilizotoka. Zilikuwa za miezi mingapi? Ulisikia uchungu au hapana? Omba upelekwe hospitali kubwa ukapimwe.

3. Ukiona damu au maji, au ukisikia uzito chini ya tumbo, nenda siku hiyo hiyo.

4. Baba, fuatana na mkeo. Nauli ya hospitali ina faida kuliko ada ya mpiga ramli.

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Mkunga hawezi kusaidia jambo asiloambiwa.