Kivuli Kwenye Mapafu: TB au Saratani?

Hapa Uthiru mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, jirani wa kwanza kumwona atasema ni TB. Huenda asikosee, kwa kuwa TB bado ni nyingi kwetu. Taabu ni pale makohozi yamepimwa, TB haikuonekana, lakini eksrei ina kivuli, na mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi 6. Hilo laweza kuwa sawa. Lakini kama kivuli kilikuwa saratani, miezi 6 imekwenda bure na saratani haikungoja.

Ndipo mgonjwa hutumwa CT skani, Hospitali ya Kenyatta au kwingineko. Eksrei ni picha moja ya kifua kizima, mbavu na moyo vimelaliana. CT hukata picha vipande vyembamba kama slesi za mkate, hivyo kidoa cha milimita chache tu kinaonekana.

Kuna kidoa cha ukungu na kidoa kigumu. Cha ukungu ni kama asubuhi ya Julai ukielekea Limuru: kumefunga, lakini miti unaiona. Ndani yake mishipa ya damu bado inaonekana. Kidoa kigumu ni ukuta wa mawe, huoni kitu nyuma yake. Vingine vina ukungu pembeni na ugumu katikati.

Sasa twende maabara. Nyama iliyotolewa hulowekwa kwa formalini, hutiwa kwenye nta, hukatwa nyembamba sana, hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mwaka 1995 Noguchi na wenzake kule Japani walieleza walichoona katika vivimbe 236 vya mapafu visivyozidi sentimita 2. Pale seli za saratani zilipotambaa tu juu ya kuta za vifuko vya hewa, kama mmea unaotambaa ukutani bila kubomoa jiwe, wagonjwa wote walikuwa hai baada ya miaka 5. Zilipopenya ukuta, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Hapo picha na nyama hukutana. Katika saratani changa, ukungu kwa kawaida ni zile seli zinazotambaa, hewa ikiwa bado imo; ugumu wa katikati mara nyingi ndipo zilipopenya. Siku hizi kidoa cha mchanganyiko hupewa daraja kwa kupima ile sehemu ngumu.

Mara nyingi, si kila mara. Ukungu waweza kuwa nimonia inayopoa, au damu iliyovuja. Ugumu waweza kuwa kovu la TB ya zamani. Hata ukubwa hutofautiana: CT hupigwa umevuta pumzi, pafu limejaa, likifika maabara limenywea. Nayo sindano huchukua kipande chembamba kama uzi. Ikikosa saratani, labda ilipita kando. Ndiyo maana daktari wa maabara hawezi kusema seli hazijapenya popote mpaka kivimbe chote kitolewe akikague.

Wala msikate tamaa kwa picha tu. Utafiti wa Marekani wa 2011, wa wavutaji sigara zaidi ya 53,000, ulionyesha kwamba CT ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Lakini katika kila majibu 100 ya kutia shaka, zaidi ya 95 hayakuwa saratani. Na huko TB ni adimu!

Kwa hivyo uliza: makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert? Dawa zisipoleta nafuu, nitatolewa nyama lini? Tena beba picha zote za zamani, hata ile eksrei iliyo chini ya godoro. Kidoa kigumu kisichobadilika kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani. Cha ukungu huenda polepole, nacho hufuatiliwa hata miaka 5.