Hewa ya Ukaa, Mibuni Yetu na Nyasi za Rweya



Mwanachama ana haki ya kuuliza moshi wa viwanda vya ng'ambo wahusianaje na mibuni ya Kamachumu au Katerero. Jibu limo katika umbile la hewa yenyewe.

Karibu sehemu 99 katika kila 100 za hewa kavu ni nitrojeni na oksijeni. Molekuli za gesi hizo zina atomi mbili za aina moja, nazo huliacha joto lipaalo kutoka ardhini lipite bila kizuizi. Hewa ya ukaa ina atomi moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Miale ya joto ikiifikia, molekuli hiyo hutikisika, huimeza, kisha hulitoa joto hilo pande zote, na sehemu yake hurejea ardhini. Jambo hili si uvumi wa juzi: mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani alianika juani chupa yenye hewa ya ukaa, akaona inapata joto kuliko yenye hewa ya kawaida. Pasipo gesi za namna hii dunia ingeganda kwa baridi. Ubaya u katika kuzidi. Kabla ya zama za viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni. Leo imepita 420.

Kwa kuwa gesi hizi huzuia joto lisipotee, athari yake huonekana hata usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulikadiria kwamba kila nyuzi moja ya sentigredi inayoongezeka katika joto la chini la usiku hupunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Nasi tuliokuwa tukijifariji kwamba robusta yetu ni ngumu, utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa kwa mashamba ya Vietnam na Indonesia ulionyesha kwamba robusta nayo hustawi vizuri zaidi penye wastani usiozidi nyuzi 20 na nusu. Huo ndio ubaridi tulioujua sisi wa kando ya Ziwa, na hatuna akiba kubwa ya kupoteza. Mwaka wa mavuno haba ndio mwaka wa butura; mkulima akiisha kuuza kahawa ingali ua mtini, chama chake cha msingi hakipati kitu cha kupima.

Robo hivi ya hewa ya ukaa itolewayo na wanadamu humezwa na bahari. Ikikutana na maji huwa asidi ya kaboni, ile ile iliyomo katika chupa ya soda. Tangu zama za viwanda kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini maana yake ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30, na matumbawe na makombe ya pwani yetu hupata taabu kujenga magamba yao. Mvua nayo hubeba asidi hiyo kidogo, tangu kale. Ndiyo mojawapo ya sababu udongo wa Bukoba, unaooshwa na mvua nyingi mno, huwa mchachu na maskini, isipokuwa ndani ya kibanja, ambako wazee waliulisha samadi na matandazo vizazi hata vizazi.

Hapo tunafika kwenye rweya. Kilo 10 za nyasi kavu zina kaboni karibu kilo 4 na nusu. Zikiungua zote hutoa hewa ya ukaa kilo 16 na ushei, uzito uliozidi nyasi zenyewe, kwa kuwa moto hukopa oksijeni hewani. Ni kweli kwamba nyasi zikichipua upya huirudisha kaboni hiyo. Lakini moto hutoa pia methani na oksidi ya nitrojeni, na chakula cha mgomba na mbuni hupeperuka pamoja na moshi. Nyasi zile zile zikitandazwa kibanjani, nazo huoza na kutoa hewa ya ukaa, ila polepole. Sehemu hubaki kuwa mboji, na udongo chini yake hukaa baridi na unyevu. Kwa maoni yetu, halmashauri za vyama zenye kujadili bei pekee na kunyamazia moto wa rweya zinaacha nusu ya kazi.

Samadi pia yahitaji uangalifu. Lundo lililolowa maji na kukosa hewa huzalisha methani, ambayo kwa uzito ule ule huongeza joto mara 27 au zaidi ya hewa ya ukaa katika miaka 100. Lifunikwe kwa majani ya migomba, ligeuzwe mara kwa mara, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie.