Kidonge kimoja, wagonjwa wawili

Katika vituo vya afya vya Kolwezi, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI hupewa bure kidonge chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ya kwanza kati ya hizo ndiyo dawa hasa anayoihitaji mgonjwa wa homa ya ini B sugu. Lualaba, pamoja na Haut-Katanga na Kinshasa, ndiyo majimbo ambako PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulielekeza nguvu zake nchini Kongo, kwa hiyo tenofoviri si ngeni huku. Ila mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, hapa Kolwezi, mwenye virusi vya B peke yake hana mradi mkubwa wa namna hiyo nyuma yake. Kwa kawaida atainunua mwenyewe, au ataikosa.

Hata mwenye uwezo wa kuinunua husita. Mtu amepimwa, labda siku alipokwenda kumtolea damu ndugu yake hospitalini, akaambiwa ana virusi vya B. Anarudi shimoni, anabeba magunia kama jana, macho yake hayana manjano, bukari (ugali) inapita vizuri. Kwa nini aanze dawa isiyoponya kabisa, ambayo huenda ataimeza maisha yake yote? Ana haki ya kuuliza hivyo, na anastahili jibu zuri kuliko "daktari amesema".

Jibu linaanzia utotoni. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 hubaki na virusi hivyo mwilini. Kwa watu wazima hawafiki 5. Kongo iliingiza chanjo ya B katika ratiba ya kawaida ya watoto mwaka 2007, na dozi ya kwanza ilikuwa ya wiki ya sita. Wengi wa watu wazima wanaochimba leo walizaliwa kabla ya hapo. Mwenye umri wa miaka 30 anayegundua ugonjwa huu mwaka huu huenda ameishi nao miaka yote 30. Wengine hawatadhurika kamwe. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watu wazima 100 wenye maambukizi sugu, 20 hadi 30 hupata makovu mabaya ya ini au saratani, na mwaka 2022 homa ya ini B iliua watu milioni 1.1 duniani. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, huharakisha safari hiyo. Sumu ya ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya nayo huzidisha hatari ya saratani maradufu na zaidi kwa mwenye virusi vya B.

Faida ya dawa basi ni nini? Tenofoviri huzima uzalianaji wa virusi, na ini likipata nafuu huanza kujitengeneza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa waliokuwa wakimeza tenofoviri kwa miaka 5. Kati yao, 96 walianza na ini lililokwisha kusinyaa kwa makovu. Mwisho wa miaka hiyo, 71 hawakuwa tena katika hali hiyo. Zamani madaktari wengi waliamini ini likifika hapo halirudi. Hatari ya saratani hupungua pia, ingawa haifutiki, na ndiyo maana mwenye makovu huendelea kupigwa ekografi kila miezi 6 hata akiwa kwenye dawa.

Upande wa pili wa mizani una figo na mifupa. Tenofoviri ya kawaida inaweza kuharibu mirija midogo ya figo na kupunguza uimara wa mifupa. Wanaopata shida kubwa ni wachache, lakini Kolwezi ina sababu yake ya kuwa mwangalifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipopima wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, walikuta kobalti na urani nyingi katika mkojo wao, na urani inajulikana kwa kudhuru figo. Sioni hiyo kuwa sababu ya kumnyima mtu dawa. Ni sababu ya kumpima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya kuanza, na kuirudia. Figo zikiwa tayari dhaifu, zipo entekaviri na aina mpya ya tenofoviri zisizozielemea sana.

Lakini hatari inayonitia hofu zaidi kwa Mutoshi ni kuikatisha dawa. Mgonjwa akiacha ghafla, virusi hurudi kwa nguvu, mwili nao hulishambulia ini. Mwenye makovu anaweza kufa ndani ya wiki chache. Na maisha ya mchimbaji yanakatika-katika. Mradi wa majaribio wa kampuni za Chemaf na Trafigura ulianza Mutoshi mwaka 2018, ukawaweka maelfu ya wachimbaji ndani ya uzio wakiwa na kadi na vifaa vya kujikinga, kisha ukasimama mwaka 2020 wakati wa korona. Shimo likifungwa, mtu hufuata madini Fungurume au Kambove. Kabla ya kidonge cha kwanza, kwa hiyo, daktari na mgonjwa wazungumzie kidonge cha mwezi wa saba wa matibabu: kitatoka wapi, na kwa fedha ya nani? Kama jibu halipo na ini bado ni zima, kungoja huku akipimwa mara kwa mara ni uamuzi wa busara. Ini likiwa na makovu, kungoja ni kosa. Na muuzaji wa dawa akimpa lamivudini peke yake kwa kuwa ni rahisi, aikatae: baada ya miaka 5, virusi vya wagonjwa wapatao 70 kati ya 100 huwa vimekwisha kuizoea.

Makovu hayo hayahitaji mashine ya bei kubwa kugunduliwa. Kipimo kiitwacho APRI kinahitaji namba mbili tu za damu. Chukua kimeng'enya cha AST, gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, gawa tena kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu, kisha zidisha kwa 100. Mwenye AST 48, kiwango cha maabara kikiwa 40 na chembe sahani 160, anapata 0.75. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unasema mtu mzima aliyevuka 0.5 aanze dawa. Mwongozo huohuo unaruhusu mama mjamzito mwenye virusi vya B apewe tenofoviri, pale ambapo hakuna uwezo wa kupima wingi wa virusi, ili mtoto asiambukizwe.

Jambo hilo la wajawazito limekwisha jaribiwa nchini. Mwaka 2018 na 2019, katika hospitali mbili za uzazi Kinshasa, wanawake zaidi ya 4,000 walipimwa homa ya ini B kupitia huduma ileile inayowapima UKIMWI. Waliokutwa na virusi walikuwa 109, na waliokuwa na hatari kubwa ya kuwaambukiza watoto walipewa tenofoviri. Hakuna kilichofanyika pale ambacho Kolwezi haiwezi.

Bei ya tenofoviri katika soko la dunia imeshuka hadi takriban dola 2.40 kwa mwezi. Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa migodi, na miji na sekta zenye migodi asilimia 15. Fedha hizo zinatoka katika shaba na kobalti ya ardhi hii hii. Wawakilishi wa Lualaba wanapoketi kupitisha bajeti, waulizwe ni kiasi gani kimetengwa kununua kidonge hiki kwa wasio na UKIMWI.