Kutoka Kigali Mpaka Entebbe kwa Ndege

Likizo iliyopita Baba alikwenda Kigali kwa mazishi ya ndugu yake. Siku ya kurudi alitupigia simu, akasema kwamba ndege itaondoka saa nane mchana, na safari ni ya muda wa saa moja. Nikamwambia Mama, "Basi saa tisa atakuwa Entebbe." Tukaenda kumngoja nje ya uwanja. Saa tisa ikapita, ikapita na nusu yake. Simu yake haikupatikana. Mama akatoa rozari akaanza kusali, nami nikakosa la kusema. Saa kumi na robo, huyo Baba anatoka na mzigo wake, hana habari!

Kosa lilikuwa langu. Wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza shule, nawaeleza ili lisiwapate.

Kwanza, umbali. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye longitudo 32.4 Mashariki. Kigali iko nyuzi 2 Kusini, longitudo 30.1. Tofauti ni nyuzi 2 kwa kaskazini na kusini, na 2.3 kwa mashariki na magharibi. Karibu na Ikweta kila nyuzi ni kilomita 111, basi tunapata kilomita 222 na 255. Tumia kanuni ya Pythagoras, utaona kwamba umbali ni kama kilomita 340. Kwa barabara, kutoka Kampala kupitia Mbarara na Kabale, ni zaidi ya 500.

Pili, mwendo. Ndege ya jeti ikiwa juu yaweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Kilomita 340 zingekwisha kwa dakika 25 hivi. Lakini lazima itembee polepole uwanjani, ipande, igeuke kushika njia yake, na mara ianze kushuka. Ndiyo sababu ratiba huweka karibu saa nzima.

Tatu, saa zenyewe, na hapa ndipo nilipoanguka. Uganda hufuata saa ya Afrika ya Mashariki. Rwanda, pamoja na Burundi na mashariki ya Congo, iko nyuma kwa saa moja. Kwa jua, Entebbe na Kigali zinapishana kwa dakika 9 tu, lakini saa za ukutani hufuata sheria ya nchi. Na ratiba za ndege huandika saa ya kila mahali. Ukitoka Entebbe saa nane, utafika Kigali karibu saa nane ile ile! Ukitoka Kigali saa nane, utafika Entebbe karibu saa kumi.

Baba alituonyesha saa yake ya mkono: ilikuwa bado saa tisa na robo. Akacheka. Mama hakucheka, alinitazama tu, akaikunja rozari yake.

Basi ndugu, mkiambiwa saa ya ndege, ulizeni kwanza: ni saa ya wapi?